Simbilisi wa Nasra na Salamu ya Mzee Liponda

Nyie mnaotoka chuo cha mifugo na makoti yaliyopigwa pasi, nawaambia mapema msije mkasema nimewaficha: mimi ni mwanamke mwenye wivu. Sisemi husuda. Mwenye husuda anataka chako kiharibike. Mimi chako nataka kibaki kizima, ila kiwe changu. Kwa hiyo haya nitakayowaeleza ya ngozi na manyoya mtayasikia yamechanganyika na wivu, na sina namna ya kuyachuja.

Jina langu ni Somoe, lakini miaka yote ya kazi, kuanzia Kiranjeranje hadi Tingi, hakuna aliyeniita hivyo. Nilipoanza nilikuwa msichana, na watu walizoea kusema bwana mifugo kwa kuwa walionitangulia wote walikuwa wanaume. Siku ya kwanza mzee mmoja mwenye mbuzi alinitazama juu mpaka chini, akauliza, "Bwana mifugo mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wewe ni Bibi Mifugo." Jina likaganda hapo hapo. Wenzangu wa rika langu wanaitwa dada, mimi naitwa bibi na wakati ule sijazaa hata mtoto mmoja. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikalipenda kuliko jina alilonipa baba yangu.

Sasa nimestaafu, wajukuu ninao, ubibi wenyewe ndio huu umefika. Na jina kachukua mwingine.

Anaitwa Leokadia. Ni binti wa Newala, mwembamba, mcheshi, pikipiki anaendesha mwenyewe, na kabla ya kuhamishiwa kwetu alikuwa Likawage. Nilikuwa mashineni nasubiri unga wangu, nikasikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Bibi Mifugo kasema kuku wachanjwe kabla ugonjwa haujaingia." Nikageuka. Mimi sikuwa nimesema kitu siku hiyo, nilikuwa nimefunga mdomo kwa ajili ya vumbi la unga. Nikauliza, "Nimesema lini?" Wakatazamana, mmoja akacheka kwa aibu, akasema, "Siyo wewe bibi, yule mpya." Unga wangu nilibeba ukiwa na pumba nyingi kuliko nilivyotaka, maana sikuwa na hamu tena ya kugombana na mtu wa mashine.

Wacha niwaambie kwanza aliyenifundisha, ndipo mtaelewa kwa nini roho iliniuma kiasi kile baadaye.

Mzee Liponda ndiye aliyenipokea kazini. Mrefu, mkimya, kofia yake ya viua haitoki kichwani. Alikuwa na sifa moja iliyojulikana kote: akikusalimu, hakuachii. Anaushika mkono wako kwa mikono yake miwili, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mikorosho, za nguruwe pori waliokula mihogo, mpaka unatamani kuuvuta mkono ukimbie. Watu walisema Mzee Liponda ana adabu za watu wa kale. Mimi nilisema moyoni kwamba anatuchelewesha.

Siku moja tulikwenda Tingi kwa bwana mmoja ambaye mbuzi wake walikuwa wananyonyoka manyoya masikioni na puani. Alikuwa anawapaka oili chafu ya gari, kama walivyofanya wengi wakati ule, na mbuzi walinuka gereji. Mzee hakuwatazama mbuzi kwanza. Alianza na salamu yake ile ndefu, huku kidole gumba kinasukuma mkono wa shati la yule bwana taratibu, kinapandisha, na mkono unageuzwa upande wa ndani bila mwenyewe kushtuka. Pale palikuwa na kiduara chekundu chenye magamba pembeni. Mzee akasema, "Wewe na mbuzi wako mnaumwa kitu kimoja. Hii ni choa."

Tuliporudi alinieleza akiwa anatembea. Ngozi ya mnyama imefunikwa na manyoya, inaweza kukuzungusha siku nzima. Ya mwenye mnyama iko wazi. Choa hupenda kuhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa anayembeba, kwa hiyo ukikuta viduara pande zote mbili umeshapata njia. Usipovikuta, usiseme hakuna, endelea kutafuta. Kisha akaongeza neno nililolibeba maisha yangu yote. "Mimi mikono ya wanawake siwezi kuishika, Somoe. Na wanaoshinda na mbuzi na kuku ni wao. Hiyo nakuachia wewe. Sijamfundisha mtu mwingine, na sitamfundisha."

Nikawa nasalimu kama yeye. Wanawake wa huku wote wameshapitiwa mikono na mimi, na wengi wanadhani nilikuwa na mapenzi tu.

Sasa simbilisi. Najua wengi wenu wa pwani hamjamwona. Ni kanyama kadogo kama panya aliyenenepa akasahau mkia, anakula majani, anapiga mluzi akisikia mtu anakatakata mchicha. Huko nyanda za juu wanamfuga kwa wingi. Mwanangu anayefundisha Njombe alimletea mpwa wake Nasra majike wawili ndani ya tenga. Nasra ni mtoto wa binti yangu, anaishi na mimi. Mmoja wa kahawia mwenye mabaka meupe akamwita Kashata, mwingine mwekundu akamwita Ubuyu.

Jirani yangu Bi Mwanaidi alikuwa na mpwa mwenye simu, na mpwa akamtafutia jina lao la Kizungu, akalitafsiri: nguruwe wa Gini. Mama wa watu akasimama kwenye ua wa makuti, sufuria kaifunika kwa mikono yote miwili. "Somoe, hao nguruwe wako unawatoa lini?" Nikamwambia hawa si nguruwe, wala Gini hawakutoka, aliyewapa jina hilo hajui nguruwe na hajui Gini. Hakuniamini mpaka alipokaa akawaona wanatafuna majani kama mbuzi. Hata leo akipita na chungu karibu nao, anakifunika.

Tatizo la kwanza la manyoya lilitokea mapema. Kashata mgongoni akawa kama kakatwa na mkasi. Nasra analia. Nikampapasa mnyama: ngozi laini, safi, haina magamba, hajikuni. Sikilizeni hapo nyie. Manyoya yaliyong'oka na manyoya yaliyokatwa si kitu kimoja. Ukipitisha kidole kinyume na manyoya ukasikia ncha butu, kama ndevu za mtu aliyenyoa jana, basi kuna anayenyoa. Nikaweka kigoda, nikawatazama. Ubuyu alikuwa anamfuata mwenzake taratibu, akimfikia anamtafuna mgongo. Vitabu vitawaambia ni ubabe, au banda dogo, au majani makavu hayatoshi wakakosa cha kutafuna, na vitabu viko sawa. Nikawapanulia banda, nikawajazia majani makavu, wakaacha. Lakini Nasra alikuwa anampakata Kashata kila saa, Ubuyu anaangalia. Mimi mwenye wivu mwenzangu nikimwona namjua.

Mara nyingine manyoya yalipauka, yakasimama ovyo, na Kashata akawa hataki kutembea. Hapo msikimbilie dawa. Mwili wa simbilisi ni kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiikosa inaanza kuonekana kwenye manyoya, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu. Tulimpa mchicha, pera, pilipili hoho, na msimu wa korosho kipande kidogo cha bibo, tunda la mkorosho, ambalo halijachacha. Msimpe lililochacha, atalewa. Akarudi kung'aa. Nasra akawaambia watoto wote shuleni, "Bibi yangu ndiye Bibi Mifugo." Nililisikia hilo kwa mwalimu wake, nikatembea siku mbili tatu na kichwa juu.

Na akijikuna mpaka damu, akiruka kama kachomwa na sindano, na mgongo na mabega yanatoka upara wenye ukoko, hao ni wadudu wa ukurutu, hawaonekani kwa macho. Wanaoonekana wakitembea kwenye manyoya ni chawa. Wote wana dawa, na dawa ni ya kupimwa kwa uzito wa mnyama, ambao hapa ni mdogo kuliko wa kuku. Kuna mtu aliwaogesha wake kwa dawa ya josho la ng'ombe. Sitawasimulia yaliyowapata, nyie jueni tu kwamba josho ni la ng'ombe.

Basi. Leokadia alikuwa kwetu tangu masika, na mimi nimeshajifunza kumwitikia "marahaba" bila kukunja uso, ndipo Nasra alipoanza kunificha Kashata. Tenga akaliingiza chumbani kwake. Nikimwambia, "Mlete nimwone," ananijibu, "Kalala, Bibi." Simbilisi gani analala kuanzia asubuhi mpaka alasiri? Siku moja aliacha mlango wazi kidogo, nikaona pua ya Kashata, kando yake kama kuna kipara. Nasra akafunga. Akawa pia anavaa gauni la mikono mirefu ndani ya nyumba, na joto lote hili la Kiranjeranje. Nikafikiri ni mambo ya wasichana wanaokua.

Mikono yangu iliwasha kuliko ngozi ya mnyama. Nilitaka tu kumshika, nimgeuze, nimfunue manyoya kwenye mwanga. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua.

Nikiwa nachoma vitumbua, Bi Mwanaidi akapita uani. "Nimemwona mjukuu wako na tenga, anakwenda kwa Bibi Mifugo."

"Bibi Mifugo ni mimi," nikamwambia.

"Najua mwenzangu. Nasema yule mwingine."

Kitumbua kiliungua upande mmoja, nikakigeuza, kikaungua na wa pili. Mtoto wangu mwenyewe, damu yangu, mnyama kaugulia ndani ya nyumba yangu, kampitisha mbele ya mlango wangu kumpeleka kwa mtu mwingine. Watu wa kijiji kunisahau nilikuwa nimeshameza. Hili halikumezeka. Nikakaa pale jikoni najiuliza kama ni macho yangu yamekuwa mabovu, au mtoto keshaniona ni mzee wa kupikiwa uji.

Nasra akarudi jua linashuka, akaweka tenga chini kwa adabu. "Bibi, kesho Bibi Mifugo atakuja hapa kumwona vizuri Kashata."

"Nani atakuja?"

"Bibi Mifugo," akarudia, hajui alichosema.

Kesho yake akaja. "Shikamoo, bibi," akanisalimu, na lile bibi lilikuwa bibi tupu, halina mifugo. "Marahaba, mwanangu." Nikamtilia chai, maana mgeni ni mgeni. Ila vitumbua nilimpa vile vilivyoungua.

Nikakaa kwenye kigoda changu, mikono nimeifunga kifuani. Akatandika kitambaa cheupe, akamweka Kashata juu yake, akamchana kwa kitana chenye meno ya karibu. Hakuna kilichodondoka kikatembea. Akapitisha vidole mgongoni, mabegani, mnyama katulia tu, hajikuni wala harukiruki. Na mimi kutoka kigodani nilikuwa nimeshamaliza: kando ya pua kiduara, juu ya jicho kiduara, sikioni magamba makavu. Choa. Nikanyamaza. Nilitaka aseme ukurutu. Nilitaka alifungue lile begi lake atoe sindano, ili niseme kwa upole, "Subiri kidogo, mwanangu." Sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni tayari kama pipi.

Hakutoa sindano. Alimrudisha Kashata kwenye tenga, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta. Kisha akamwendea Nasra, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Habari za nyumbani, Nasra?"

"Nzuri, dada."

"Za shule? Mwalimu wenu wa hesabu hajambo? Za Ubuyu?"

Kidole gumba chake kilikuwa kinapandisha mkono wa gauni. Taratibu, bila kuvuta. Mkono ukageuka upande wa ndani.

Nyie, nimeona mengi katika kazi hii, lakini pale nilihisi kama nimeingia chumbani kwangu nikakuta mtu kavaa kanga yangu. Ile salamu ilikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Liponda na yangu, basi, hakuna mwingine duniani.

Kwenye mkono wa Nasra kulikuwa na kiduara. Mtoto akauvuta mkono, akaangua kilio, na hakumtazama Leokadia. Alinitazama mimi.

"Bibi, usimtupe Kashata."

Nikamuuliza nani kasema nitamtupa. Akasema, huku anameza kwikwi, kwamba paka wa Bi Mwanaidi alipopata choa nilimfukuza uani, nikasema mbele yake kuwa mnyama mwenye choa hakanyagi nyumbani kwangu. Ni kweli nilisema. Paka yule alikuwa mwizi wa samaki, choa ilikuwa kisingizio, lakini mtoto atajuaje?

"Sasa ndiyo ukampeleka kwa mwenzangu ukaniacha mimi?"

"Wewe ungejua, Bibi. Ungemwona mara moja tu ungejua. Dada Leokadia nilifikiri hatajua, atampa dawa ya wadudu tu, apone mwenyewe."

Mnisamehe, lakini mtoto alikuwa analia na moyo wangu ukawa unacheza ngoma. Nikamtazama Leokadia kuona kama kasikia vizuri. Alikuwa kasikia. Akacheka, hana hata chembe ya kuudhika, na hilo nalo likaniudhi.

"Kashata anabaki," nikasema. "Choa inatibika."

Leokadia akaeleza la kufanya, na sikuwa na la kumrekebisha, nilitafuta. Kashata atengwe na Ubuyu, na Ubuyu naye akaguliwe. Majani ya zamani yachomwe, banda lisuguliwe, lianikwe juani likauke kabisa, maana choa inapenda unyevu na pwani yetu unyevu hatununui. Apakwe dawa ya fangasi atakayoleta yeye, kwa muda wote atakaosema, hata kama manyoya yameanza kurudi. Anayempaka avae glavu na anawe. Kumpakata mpaka apone, hapana. Na Nasra aende zahanati kwa ajili ya mkono wake. Nasra akaitikia kila neno, anafuta machozi kwa ule mkono wa gauni, nikamwambia auache kwanza huo mkono.

Mtoto alipokwenda kuchoma majani, nikamsogezea Leokadia sahani ya vitumbua vizuri. Sikuweza kusubiri zaidi.

"Salamu ile umeitoa wapi?"

"Ipi, bibi?"

"Ya mikono miwili."

Uso wake ukafunguka. "Likawage. Kuna mzee wa kazi hii, amestaafu zamani, nilikuwa naishi jirani yake. Mzee Liponda. Ndiye alinifundisha. Aliniambia mikono ya wanawake yeye hawezi kuishika, kwa hiyo ananiachia mimi." Akashusha sauti, kama mtu anayekupa siri. "Alisema hajamfundisha mtu mwingine."

Nilimwomba namba. Alikuwa nayo kwenye simu, na mimi nilikuwa sina, mimi niliyebeba mkoba wa yule mzee kwenye matope ya Kilwa nzima. Akapiga, akanipa simu. Mtandao wa Likawage ni wa kubahatisha, nikaomba simu isiite. Ikaita.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba." Sauti imekuwa nyembamba, lakini ni yeye. "Nani mwenzangu?"

"Bibi Mifugo."

 Akauliza, "Yupi?"

Leokadia alikuwa ananiangalia. Ningeweza kumwambia yule mzee mambo mengi, na nilikuwa nayo yote kooni. Nikasema, "Wa kwanza, Mzee."

"Somoe," akasema. Hakuuliza, alilitaja tu, jina langu la nyumbani. Kisha akaanza: habari za nyumbani, za watoto, za mikorosho, za nguruwe pori, moja baada ya nyingine, haniachii. Nikajikuta nimeishika simu kwa mikono miwili. Leokadia akanyoosha mkono, naye apate kumsalimia. Nikamwambia asubiri, mimi bado nasalimiwa.